Resipi Yenye Mapengo

Kuna rafiki alinipa The Great British Bake Off kwenye flashi, misimu kadhaa, akaniambia, "Hii itakulaza." Haikunilaza. Nilikesha nayo. Hema jeupe kwenye bustani ya Uingereza, mvua nje kama ya Limuru mwezi wa saba, na watu wa kawaida tu, wengine na kazi zao za ofisi, wamechuchumaa mbele ya oveni wakichungulia kioo kama wanaosubiri habari za mgonjwa. Hakuna matusi, na mshindi hapewi hata senti: anapewa stendi ya keki na maua. Maze, kwa shoo ya mashindano huo ni upole wa ajabu.

Niliipenda na bado naipenda. Lakini kuna kitu iliniharibia nyumbani, na nimechukua muda kuelewa ni kipi.

Shoo yenyewe ilianza BBC mwaka 2010, ikahamia Channel 4 mwaka 2017, na mpangilio ni ule ule: raundi tatu. Ya kwanza unaoka kitu chako unachokijua. Ya mwisho ni ya kuonyesha makubwa. Ile ya katikati ndiyo iliyonishika. Wote wanapewa resipi moja iliyonyofolewa. Mstari mzima unaweza kusema tu "oka". Dakika ngapi? Moto kiasi gani? Jitegemee. Halafu majaji wanaonja bila kujua nani kaoka ipi, huku wenyewe wamekaa kwenye stuli wakimeza mate. Keki inageuzwa, chini inakaguliwa. Kitako kikiwa kibichi, umekwisha.

Sasa, mama yangu huoka kwa sufuria. Kama ulikulia ploti unajua hiyo kitu: sufuria kubwa yenye mchanga chini, ndogo ndani yake, kifuniko, makaa juu ya kifuniko, na moto wa chini kidogo tu. Nyumba nzima inanukia Blue Band na vanila, na watoto wa jirani wanaanza kupitapita mlangoni na maswali yasiyo na maana. Resipi yake haijawahi kuandikwa popote. Sukari "kiasi". Maziwa "mpaka uone imekubali". Makaa "usiweke mengi".

Krismasi ya mwaka juzi alioka. Walikuwepo shangazi, binamu, majirani wawili. Mimi, mwanafunzi wa hema, nilipewa kipande changu, nikakipindua, nikakigonga kwa kidole, nikatangaza: "Chini imeshika moto, na katikati bado ni mbichi." Watu wakacheka. Mama pia alicheka. "Haya, hakimu," akasema, akaendelea kumimina chai.

Pasaka hakuoka. Tulikula keki ya supamaketi, ya boksi la plastiki. Haikuwa na kosa lolote. Hakuna mtoto aliyepitapita mlangoni.

Hapo ndipo nilirudi kwa ile shoo na jicho tofauti. Kuna kitu kamera yake haipendi kuonyesha: watu wakila. Tunaona uma mbili za majaji, tonge moja moja, kisha tunakatiwa. Keki ya ghorofa tatu imetoka kuliza mtu, na kwenye skrini haiendi popote. Haifiki kwa tumbo la yeyote. Ukitazama saa nyingi za namna hiyo, macho yako yanazoea kwamba keki ni mtihani, na wewe uliye kwenye kochi ni msahihishaji. Sikufundishwa kuoka hata kidogo. Nilifundishwa kutoa maksi.

Na lile pengo kwenye resipi? Kwenye hema ni mtego. Kila mtu yuko peke yake na neno "oka", na akimwangalia jirani anaonekana anaibia. Kwa mama pengo lina kazi nyingine kabisa. "Mpaka uone imekubali" haiwezi kutumwa kwa WhatsApp. Lazima usimame hapo, karibu na jiko, umwone akiinua mwiko na mchanganyiko ukidondoka polepole. Anayejua yuko kando yako. Akisema "kiasi", anakuambia njoo.

Kusema haki, shoo inalijua hili. Mwaka 2015 ilishindwa na Nadiya Hussain, mzaliwa wa Luton, wazazi wake kutoka Bangladesh. Amewahi kusimulia kwamba kwao oveni ilikuwa ya kuhifadhia vikaango. Niliposikia hivyo nilicheka, kwa sababu najua nyumba ngapi hapa Nairobi zina meko ya kisasa ambayo oveni yake ni kabati la sufuria. Fainali yake alioka keki ya harusi ya limau, akaipamba kwa vito vya harusi yake mwenyewe, kwa sababu alipoolewa Bangladesh hakukuwa na keki. Kwa dakika chache kitako hakikuwa na maana. Unatazama mtu akijitengenezea kitu alichokikosa.

Halafu kwenye fainali huwa kuna pati bustanini. Familia zinakuja, walioondolewa wanarudi, watoto wanakimbia na makombo mdomoni. Ni dakika chache mwishoni mwa wiki kumi. Kwangu ndizo bora kuliko zote, na shoo inazitumia kama mandhari ya kusubiria jina la mshindi. Hilo ndilo kosa langu kubwa nalo: inajua keki ni ya nani, ila inatuonyesha kama zawadi baada ya hukumu.

Desemba iliyopita nilimwambia mama anifundishe. Hakuuliza kwa nini. Alinipa mwiko, akavuta stuli, akakaa. Nilimwuliza sukari vikombe vingapi, akasema, "Weka, nitakwambia." Nikaweka. Akaniambia. Nikazidisha makaa juu, akayapunguza kwa koleo bila kusema neno.

Tulikata keki ikiwa bado moto, kinyume na kila sheria ya hema. Sahani moja ilienda kwa jirani ikiwa imefunikwa, ikarudi na njugu, maana sahani hairudi tupu. Chini palikuwa peusi kiasi. Mama alichukua kipande, akakipindua, akakigonga kwa kidole, akaniangalia muda mrefu kuliko Paul Hollywood.

"Haya," akasema. "Leta chai."