Gari Lililovaa Kanzu ya Mpira

Ukurasa huu umezoea kupima vitabu na kaswida, na huenda ukastaajabu leo kuuona unapima rangi ya gari. Usistaajabu. Kazi ya mkono wa mtu inayowekwa mbele ya macho ya watu ina haki ya kuhakikiwa, iwe imeandikwa kwa kalamu au imepulizwa kwa kopo. Na rangi ninayotaka kuizungumza ina mtihani ndani yake, ambao wengi wetu huupita bila ya kujua kuwa tumetahiniwa.

Rangi yenyewe ni ya mpira. Hupulizwa juu ya rangi ya asili ya gari, na ikikauka huwa ngozi laini yenye kunepa. Mwenyewe akiichoka, huishika pembeni akaibandua, na rangi ya zamani ikatokea chini yake kama ilivyokuwa. Iliyo mashuhuri zaidi ni Plasti Dip ya Marekani, ambayo tangu miaka ya 1970 imetumika kuvika mipini ya koleo na zana nyingine ili zisiteleze mkononi. Baadaye watu wakaona kwamba kinachovika koleo kinaweza kuvika rimu, na kinachovika rimu kinaweza kuvika gari zima. Vijana wenye Subaru na Altezza, magari ya wapenda mbio, huitamani kwa mambo mawili: kulinda na kupamba.

Katika kulinda, naisifu. Anayetoka Iringa kwenda Mbeya hupita Mafinga, Makambako, Chimala na Uyole, mwendo wa kilomita zaidi ya 300, na mara nyingi huwa nyuma ya malori yaendayo Tunduma na Zambia. Gurudumu la lori likirusha kokoto, boneti hupata kovu, na kovu likiachwa huingia kutu. Ngozi ya mpira huyapunguza makali ya vijiwe hivyo. Mali ni amana, na mwenye kuitunza amana yake hakufanya israfu.

Katika ufundi pia ina adabu yake. Gari lioshwe kwa sabuni na likauke kabisa, na vioo vifunikwe. Kisha rangi ipulizwe kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, kila moja likiachwa likauke kabla ya jingine. Fundi mvivu hupuliza mara mbili akasema yamekwisha. Siku ya kubandua, ngozi yake nyembamba hukatika vipande vipande kama karatasi iliyolowa, na mwenye gari hushinda mchana kutwa akiparura kwa kucha. Tena rangi hii haipatani na petroli. Ikimwagikiwa hulainika na kuharibika. Na ikiwa rangi ya chini ilipakwa vibaya hapo nyuma, wakati wa kubandua huenda nayo ikang'oka.

Ama kuhusu kupamba, wako watakaosema kwamba haya yote ni upuuzi wa kidunia. Mimi sikubaliani nao. Dini yetu haikuuharamisha uzuri. Tunavaa kanzu safi siku ya Ijumaa na tunajitia manukato. Kijana aliyechoka na gari jeupe akalivika jeusi hana dhambi kwa hilo, maadamu hafanyi kwa kiburi wala hatumii fedha ya ada ya watoto. Ila akumbuke kuwa kadi ya usajili huandikwa rangi ya gari. Mwenye kuibadili aijulishe Mamlaka ya Mapato, asije askari akasoma bluu huku anatazama nyeusi.

Basi ubaya uko wapi? Nitakueleza nilipouona.

Mpwa wangu wa Iringa alitaka kununua Subaru Impreza iliyokuwa ikiuzwa Mbeya, akaniomba nifuatane naye. Tulilikuta gari jeusi lisilong'aa, zuri kupita kiasi. Muuzaji, Mwislamu mwenzetu, alilisifu injini, akalisifu bodi, akasema halijapata hata mkwaruzo. Mpwa wangu alikuwa ameshatia mkono mfukoni. Akafungua kifuniko cha tangi ili atazame, na hapo pembeni mwa mdomo wa tangi, mahali petroli hudondoka wakati wa kujaza, ule mpira ulikuwa umelainika. Akaugusa kwa ukucha ukabanduka. Chini yake palikuwa na bluu. Akaendelea kuuvuta, na kabla haujafika mlangoni tukaona puti, nene kama ganda la mkate, ubavu mzima.

"Mzee, mbona hukutuambia kuwa gari hili limegongwa?" mpwa wangu akauliza.

Yule mtu hakuona haya. Akajibu, "Mwanangu, hakuna aliyeniuliza."

Ndugu msomaji, jibu hilo ndilo ninalolihakiki leo kuliko rangi yenyewe. Hakuna aliyeniuliza! Mara ngapi nasi tumelisema, katika kuuza mahindi, katika kupangisha chumba, hata katika kuposa? Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni akaona lundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakutana na unyevu. Mwenye nafaka akasema ni mvua iliyoinyeshea. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa mvua, kwani mvua ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Alimlaumu kwa kuuweka unyevu chini na ukavu juu, akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Wala hatukusimuliwa kuwa mnunuzi yeyote alikuwa amemwuliza yule mtu lolote.

Tena alikataza kuwafunga ngamia na kondoo matiti siku za kuuzwa ili waonekane wana maziwa tele. Mnunuzi aliyehadaiwa hivyo alipewa hiyari: akitaka abaki na mnyama, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Na wanazuoni wa sharia wameeleza kuwa aibu iliyokuwamo katika bidhaa kabla ya kuuzwa, asiijue mnunuzi, humpa haki ya kuirudisha. Je, mpira uliofunika puti una tofauti gani na kiwele kilichofungwa? Rangi si yenye makosa. Rangi hii, ukiitazama, ni katika rangi zenye ukweli zaidi, kwa kuwa haikatai kubanduliwa. Aliyekosa ni ulimi ulionyamaza.

Hatukununua. Tukapanda basi kurudi Iringa, na mimi njia nzima nikamtia adabu yule muuzaji asiyekuwepo. Tulipopita Makambako mpwa wangu, ambaye alikuwa kimya muda mrefu, akaniambia, "Mjomba, na ile Altezza yangu je?" Nikamwuliza ina nini. Akasema boneti yake imeliwa na kokoto, na amekwisha nunua makopo ya rangi hiyo hiyo ili aivike kabla ya kuiuza, kwa kuwa fedha ya Altezza ndiyo aliyoitegemea kununulia Subaru.

Nakiri kwamba sikuwa na jibu jepesi. Mdomo uliomlaumu mtu wa Mbeya kwa kilomita mia na zaidi ulikuwa mzito kumlaumu mtoto wa dada yangu. Mwisho nikamwambia aivike akipenda, lakini siku mnunuzi atakapokuja, aibandue boneti mbele yake kwa mkono wake mwenyewe. Akafanya hivyo. Mnunuzi akatazama makovu, akapunguza bei, na mpwa wangu akapata pungufu ya alichokitaraji. Subaru hakununua mwaka ule. Alisikitika, nami sitakudanganya kwamba alifurahi. Lakini mnunuzi yule huja nyumbani kwake mpaka leo, na hupewa chai.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya kazi hii ni kwamba ni njema kwa mwenye kulinda, inaruhusiwa kwa mwenye kupamba, na ni ghushi kwa mwenye kuuza akanyamaza. Na nyinyi mafundi msiseme kuwa mmetumwa tu. Mkipuliza juu ya puti huku mnajua gari linakwenda sokoni kesho, mkono wenu umo.

Katika Sura Al-Baqara, aya ya 138, imetajwa rangi ya Mwenyezi Mungu, ambayo hakuna iliyo bora kuliko hiyo. Wanazuoni wameifasiri kuwa ni dini yake inayomwenea mtu ndani na nje. Rangi hiyo haiharibiwi na petroli wala haibanduki kwa ukucha. Tujikague basi, kila mmoja, penye mdomo wa tangi lake. Mwenyezi Mungu atupe ndimi za kusema kabla hatujaulizwa. Amin.