Ngazi Isiyoteleza

Mvua zikianza mjini Kolwezi, vumbi jekundu la barabarani hugeuka tope, na tope huingia ndani na viatu. Ngazi ya mbao iliyopakwa vanishi ya kung'aa hupendeza siku ya kukabidhiwa nyumba. Mvua ya kwanza ndiyo huvunja watu nyonga. Hata kiangazi si salama, kwa kuwa vumbi laini juu ya vanishi laini huteleza vilevile. Ndiyo maana namvulia kofia fundi anayejua kuinyima mbao mng'ao ili mguu upate kushika.

Kazi yake huanzia kwenye mti. Mulombwa, ambao Watanzania huuita mninga, unafaa sana: mbao zake zikikauka vizuri hazisinyai sana wala hazipindi ovyo. Hupiga msasa namba 80, kisha 120, akifuata nyuzi za mbao, halafu anaacha. Angeweza kuendelea hadi 240 na mwenye nyumba angefurahi kupapasa, lakini ngazi hukanyagwa.

Wapo wanaochagua mafuta ya kitani. Hayo huzama ndani bila kuacha utando wa kuteleza, ila hukauka polepole na lazima yarudiwe mara kwa mara. Matambara yake yatandazwe nje moja moja. Yakirundikwa huweza kuwaka moto yenyewe. Nta isikaribie ngazi kabisa.

Kwa nyumba yenye watoto wengi, vanishi isiyong'aa iliyotiwa mchanga hudumu zaidi, na hapo ndipo ufundi unapoonekana. Mchanga huoshwa mpaka maji yatoke safi, kwa sababu udongo uliobaki huzuia vanishi kushika. Ukishakauka huchekechwa mara mbili: kwanza kuondoa chembe kubwa zinazochuna nyayo, kisha kuondoa vumbi, zibaki chembe ndogo kama chumvi ya mezani. Mkono wa kwanza wa vanishi huwa mwepesi, ili unywewe na mbao. Mkono wa pili ukiwa bado mbichi, fundi huchukua kopo alilolitoboa kwa msumari, akaliinua juu na kulitikisa taratibu, mchanga ushuke sawasawa. Ukikauka, hufagia chembe zisizoshika, kisha hupaka mkono wa mwisho, mwembamba, maana mzito ungezifukia chembe na kazi yote ikapotea. Hupaka kidato kimoja na kuruka kimoja, ili wenye nyumba waendelee kupanda na kushuka.

Katika nchi hii ya shaba, wengine hutamani utepe wa shaba kwenye ukingo wa kidato. Fundi mwenye busara huupeleka kwenye uso wa mbele, usiokanyagwa, kwa sababu shaba laini ikilowa huteleza. Ukingoni huweka ukanda wa mchanga uliokolea kuliko kwingine. Umeme ukikatika usiku, mguu huhisi mkwaruzo ule na kujua kidato kinaishia hapo.

Unapoagiza ngazi, omba kwanza kipande cha majaribio. Kimwagie maji, ukikanyage kwa mguu mtupu, kisha kwa kandambili. Fundi anayekuletea kipande hicho kabla hujamwomba, mpe kazi, na usimharakishe.