Sirkulata: Je, ni Kizungushio?

Anayeifasiri sirkulata kuwa «kizungushio» amefuata neno, akaiacha kazi. Chombo hiki chenye milango mitatu hupitisha ishara za mikrowevu kutoka mlango wa kwanza hadi wa pili, wa pili hadi wa tatu, wa tatu hadi wa kwanza, wala si kinyume. Wimbi halizungukizunguki humo. Hutokea mlango unaofuata. Katika saketi za kwanta, ndivyo biti zikingwavyo na kelele zirudizo kutoka kwenye vikuza-ishara. Sirkulata ya kawaida hutumia sumaku, nayo huweza kuvuruga saketi zipitishazo umeme bila ukinzani. Kwa hiyo wataalamu wameunda nyingine zisizo na sumaku, kwa viungo vya Josephson. Kiini ni mwelekeo. Tunapendekeza «kielekezi», ili jina lisimpotoshe mwanafunzi kabla hajakiona chombo.