Joho Lililoachwa Troa

Nyaraka mbili kwa Timotheo husomwa zaidi kwa amri zilizomo kuliko kwa lugha yake, na wa kulaumiwa ni waraka wa kwanza. Kijana aliyeachwa Efeso kuliongoza kanisa anapangiwa sifa za askofu na za shemasi, hata umri wa mjane wa kuandikwa katika daftari la wanaotunzwa: asipungue miaka 60. Ni mawaidha makavu, na ule ukali wa kuwataka wanawake wanyamaze umewakwaza wasomaji wengi, wala si bure. Mara chache tu husikika sauti ya mzee amjuaye kijana wake, kama anapomshauri anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo.

Waraka wa pili una pumzi nyingine. Mwenye kusema yumo kifungoni, na kifo anakiona. Imani ya Timotheo anaifuatisha kwa nasaba ya wanawake, bibi yake Loisi na mama yake Eunike; majina mawili ambayo wahubiri huyapita mbio, nayo yanaujibu waraka wa kwanza vizuri kuliko mjadala wowote.

Tangu Schleiermacher autilie shaka waraka wa kwanza mwaka 1807, wataalamu wengi wameona kwamba nyaraka hizi ni kazi ya mfuasi, Paulo akiwa amekwisha kufa. Harrison, mwaka 1921, alishika kwamba katika ule wa pili mmebaki vipande vya Paulo mwenyewe. Vyovyote iwavyo, aliyeandika alijua siri ya wasia. Mwanakupona naye aliijua alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858: anayeusia ni mgonjwa, na ugonjwa wake ndio unaomfanya binti asikilize.

Hapa mzee anaomba. Dema amemwacha, amebaki na Luka peke yake. Anataka aletewe vitabu, na vazi aliloliacha Troa kwa Karpo. Biblia ya mwaka 1952 imeliita vazi hilo joho. Kwa asili neno si baya, maana jukhi ya Kiarabu ni kitambaa kizito cha sufu. Lakini sikio la pwani likisikia joho humwona bwana harusi, au mtukufu barazani, na mfungwa anayetetemeka hugeuka mtu anayedai heshima yake. Kiyunani kinataja vazi zito la msafiri, la kukingia mvua na baridi. Koti la safari lingetosha.

Anasisitiza pia kijana aje kabla ya majira ya baridi. Msomaji wa bara hufikiri ni habari ya baridi tu. Wa visiwani, aliyezoea hesabu ya kusi na kaskazi, ataelewa upesi zaidi: katika bahari ile ya kati, vyombo vilikaa bandarini majira hayo yote, hadi bahari ifunguke tena.