Mita za Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa hudanganya macho. Toka Sumbawanga kuelekea Mpui mwezi wa Julai, nyasi zimekauka, baridi imeisafisha hewa, na mti wa pekee ng'ambo ya bonde unaonekana hapo tu. Anza kuufuata. Utashuka, utavuka kijito, utapanda huku pumzi zikikukatika, na mti bado uko mbele. Bonde la katikati lilikuwa limejificha, na jicho halikulihesabu. Kinyume chake, mnyama aliyesimama kivulini, ngozi yake ikifanana na majani, huonekana mbali kuliko alipo.

Nasema jicho la mwindaji lifunzwe huku, ingawa wanyama wenyewe wamebaki wachache: juu huku ni mahindi, alizeti na ng'ombe. Anayewinda kwa leseni hushuka mapori ya akiba, Lwafi au Rukwa. Lakini aliyezoea kukadiria umbali mahali pasipo miti atakadiria popote.

Njia ya wawindaji haina makuu. Fundi hubeba kichwani urefu wa uwanja wa mpira, takriban mita 100, kisha anaulaza mbele yake mara moja, mara mbili, mpaka umfikie mnyama. Kijana wa Sumbawanga aliyekulia jukwaani pale uwanja wa Nelson Mandela ana kipimo hicho tayari, hahitaji kununua. Uwanja wa kwanza hukadirika vizuri. Wa pili una mashaka. Wa tatu, kwa macho matupu, ni bahati nasibu.

Siku hizi kipo kifaa cha leza kinachotaja mita kwa kubonyeza kitufe, nami sikidharau. Ila kinajibu swali jepesi. Swali gumu ni kama mita hizo ni zako, wewe, kwa bunduki hiyo, asubuhi hii. Risasi ya .30-06 iliyorekebishwa kugonga katikati kwa mita 100 huwa imeshuka karibu sentimita 10 ifikapo mita 200, na karibu 40 ifikapo 300. Moyo na mapafu ya tohe vinakaa ndani ya duara lenye upana wa kama shubiri moja. Ukikosea kukadiria kwa mita 50 ukiwa karibu, bado umo ndani ya shubiri; ukikosea hivyo hivyo kwa mita 300, umempiga tumboni au umemvunja mguu. Na safari ya mita 300 huichukua risasi takriban sekunde 0.4, muda unaomtosha mnyama kuinua mguu na kugeuka.

Ongeza upepo wa kusini-mashariki, ambao kiangazi unaupiga uwanda huu bila kizuizi. Ongeza mteremko pia. Ukiwa juu ya milima ya Lyamba lya Mfipa, ukalenga chini kwa nyuzi 30, mita 200 za leza ni kama 173 tu kwa upande wa mvuto wa dunia. Ukilenga kana kwamba ni 200 kamili, risasi itapita juu kidogo. Ongeza mapigo ya moyo wa mtu aliyetoka kupanda mlima. Mwenye mita 200 zake akiwa amelala kifudifudi, bunduki imeegemea mkoba, huenda akawa na 60 tu akisimama anahema. Ndiyo maana wazoefu hutembea na fimbo tatu zilizofungwa pamoja za kuegeshea bunduki, na hawaoni haya kuketi wakapumua kwanza, hata mnyama akiondoka.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda ukiwa ndani ya mita 200 kutoka kwenye gari. Umbali kati ya mtutu na mnyama umeachiwa mwindaji mwenyewe, na hapo ndipo ufundi unapoanza. Mwindaji W. D. M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja na kwingineko akaua zaidi ya elfu moja (idadi isiyonipa raha), aliwaua wengi kwa risasi nyembamba ya milimita 7. Aliweza kwa sababu alipasua fuvu la tembo kuona ubongo ulipo, kisha akasogea karibu mpaka pasiwe na kubahatisha.

Kusogea huko ndiko ninakokusifu. Kunyatia kutoka mita 300 hadi 120 kunaweza kumeza asubuhi nzima: vumbi au majivu kidogo yaachiwe kuonyesha upepo, magoti yachubuke, na kanga mmoja akilia kazi yote imeharibika. Wapo wanaokuona mjinga, bunduki yako ikiwa na darubini ya bei mbaya. Hao hawajafuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa, tone hapa, tone pale, mpaka giza likaingia. Kwenye leseni, aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kama aliyeuawa. Nyama yake inaliwa na fisi.