Tovuti ya Masisi na Walikale mbele ya mhariri

Kuna wakati tovuti mpya ilipaswa kusomwa na binadamu kabla haijajulikana. Yahoo! ilianza mwaka 1994 kama orodha iliyopangwa kwa mkono na Jerry Yang na David Filo. Mwaka 1998 ulizaliwa mradi ulioitwa baadaye DMOZ, ambao wahariri wake wa kujitolea walifungua tovuti zilizoletwa na kuamua ziingie fungu gani, au zisiingie kabisa. Google nayo iliitumia orodha ya DMOZ kwa miaka kadhaa, basi wenye tovuti za safari waliisaka nafasi humo kwa udi na uvumba.

Wengi walikataliwa, na sababu inaeleweka. Sehemu kubwa ya tovuti za safari zilikuwa nakala: hoteli zilezile na picha zilezile, huku mwenye tovuti akila kamisheni kwa kila atakayebofya. Kipimo cha mhariri kilikuwa chepesi: ondoa viungo vyote vya kamisheni, kisha tazama kilichobaki. Kama hakuna cha maana, tovuti inatupwa.

Kwa kipimo hicho, Masisi na Walikale, huko mashariki mwa Kongo, zina mtaji ambao hata Serengeti haina: mambo yake hayajanakiliwa mno. Ukurasa unaorudia habari za sokwe wa Virunga haumshawishi mhariri, maana ameshausoma mara nyingi. Mweleze badala yake jinsi barabara ya kutoka Goma inavyopita Sake na kupanda hadi malisho ya Mushaki. Mweleze jinsi jibini ya Masisi inavyotengenezwa na kuteremshwa kuuzwa Goma. Au kwa nini chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, bado una kazi kwenye miteremko ile.

Walikale ni dunia nyingine. Ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni msitu. Sehemu ya mbuga ya Kahuzi-Biega inaingia huko. Huko Kilambo, ndege ndogo zimekuwa zikitua juu ya barabara ya lami. Tena ni nchi ya Wanyanga, wenye utendi wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha kwa Kiingereza mwaka 1969. Mwandishi wa tovuti akiwahoji wazee wanaoujua leo, amepata ukurasa ambao hakuna wakala wa hoteli atakayeweza kuunakili bila kukamatwa.

Kosa lililowaponza wengi lilikuwa maelezo mafupi ya kuombea nafasi. “Tovuti bora kuliko zote ya safari za kusisimua Kongo” ilikuwa inaomba kukataliwa, kwa kuwa wahariri walichukia sifa za kibiashara. Jina la tovuti liandikwe lilivyo, kisha useme kilichomo: “Barabara, masoko, malisho na misitu ya Masisi na Walikale, pamoja na picha na hali ya njia kwa msimu.” Fungu nalo lilihitaji uangalifu: tovuti ya Masisi haikuwa na sababu ya kuombewa nafasi kwenye safari za Afrika kwa jumla, ilhali Kongo ilikuwa na fungu lake. Kama ilikuwa na kurasa kamili za Kiswahili, ingeweza kuombewa pia upande wa Kiswahili.

Kuhusu usalama, sioni njia ya kuukwepa. Mnamo Machi 2025 waasi wa M23 waliingia mji wa Walikale, na Aprili wakaondoka. Ukurasa wa njia usio na tarehe, katika eneo kama hilo, ni hatari kwa msomaji, na mhariri makini angeitilia shaka tovuti nzima.

DMOZ ilifungwa Machi 2017, na wahariri wake wakaendelea chini ya jina Curlie. Enzi zake, ombi lilipelekwa mara moja tu, kwenye fungu moja kwa kila lugha. Aliyelirudia kwa kukosa subira alilifuta lile la kwanza na kujirudisha mwisho wa foleni.