Sifa za Hoteli Inayosema "Hakuna"

Nyali, Mombasa, hakuna shida ya kula. Ukivuka daraja kutoka kisiwani na kukata kulia kuelekea ufuoni, mabango yanashindana: pitsa, nyama choma, samaki wa kupaka, vyakula vya Kichina na, karibu kila unapogeuka, vyakula vya Kihindi. Mgeni akiuliza wapi pazuri atatajiwa majina mengi, na majina hayo hayatamfaa muda mrefu, kwa sababu jina la hoteli hubaki ukutani na mpishi huhama. Leo yuko hapa, mwezi ujao kaongezewa mshahara hoteli ya jirani. Afadhali mtu ajue dalili. Zinazosemwa ni nyingi: msururu wa magari nje, Wahindi wenyewe wakila ndani, harufu ya bizari inayokupokea mlangoni. Mimi naamini moja kuliko zote. Hoteli nzuri ni ile inayojua kusema "hakuna".

Sisemi "hakuna" ya uvivu, ya weita anayejibu kabla hujamaliza kuuliza. Nasema ile ya mtu aliyekwisha kuamua. Hapa hakuna samaki. Dosa zimekwisha. Tanuri hatuwashi mchana. Kila jibu la namna hiyo linakuambia kwamba nyuma ya ukuta yupo mpishi mwenye mipaka, na katika upishi wa Kihindi mipaka ndiyo ufundi wenyewe.

Itazame menyu isiyo na mipaka. Ina kuku wa siagi wa Delhi, dosa ya Madras, vindaloo ya Goa, biriani ya Hyderabad, tambi za Kichina, na baga kwa ajili ya watoto. Hakuna jiko la watu watano linaloyaweza hayo yote. Linachoweza ni kupika asubuhi sufuria kubwa ya mchuzi wa vitunguu na nyanya, kisha jioni kuugawa: ukitiwa krimu unaitwa hivi, ukitiwa mchicha unaitwa vile, ukizidishiwa pilipili na siki umekwisha kuwa wa Goa. Mchuzi wa akiba si dhambi. Hoteli nyingi za heshima zinao, na bila huo mteja angengoja hadi asahau alichoagiza. Ubaya ni pale mchuzi wa akiba unapogeuka kuwa ndio mpishi. Mkiwa watatu mezani, agizeni sahani tatu tofauti, kisha kila mmoja aonje mchuzi wa mwenzake kwa ncha ya kijiko. Ladha ya chini ikiwa ni ile ile, mmelipia kitu kimoja mara tatu.

Wahindi wa Mombasa nao hawakuja kwa mlango mmoja, wala hawakuja na jiko moja. Vasco da Gama alipofika pwani hii mwaka 1498 alikuta wafanyabiashara wa Kihindi wamekwisha kuizoea. Watu wa Kutch na Kathiawar, sehemu za Gujarat ya leo, walikuwa wakishuka na majahazi ya kaskazi, na waliobaki walifungua maduka na kuleta wake zao, na wake wakaleta masufuria. Kisha ikaja reli. Kati ya 1896 na 1901 waliletwa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab. Mikataba ilipokwisha wengi walirudi kwao, elfu kadhaa wakabaki. Ongeza Mabohora, Makhoja na Wagoa, kila watu na chungu chao. Nyali yenyewe, kabla ya kuwa na daraja, ilikuwa mashamba ya mkonge. Daraja la kuelea la mwaka 1931 ndilo lililoifungua, na hili la sasa lilipokamilika mwaka 1980, familia zilizokuwa zimebanana kisiwani zilizidi kuvuka na kujenga karibu na upepo. Kwa hiyo anayetafuta chakula cha Kihindi Nyali hana budi ajiulize kwanza: cha Wahindi gani?

Jibu moja litamshangaza mgeni aliyekuja na hamu ya bahari. Baadhi ya meza bora mtaa huu wa pwani hazijawahi kuwekewa samaki. Wagujarati wengi wa dini ya Kihindu hawali nyama wala samaki, na Wajaini, ambao hekalu lao la marumaru nyeupe liko barabara ya Langoni kule kisiwani, wanakwenda mbali zaidi: hata kitunguu, kitunguu saumu na viazi hawagusi, maana kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vijidudu vilivyo udongoni. Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Kitunguu huficha makosa mengi ya mpishi. Hutia utamu, hutia uzito, hutia rangi. Kikiondolewa, mpishi anabaki uchi.

Anachokimbilia ni mvuje. Bibi zetu wanaujua kwa kazi nyingine, kumfungia mtoto mchanga ili asidhuriwe na macho ya watu, na ukiunusa mbichi utaelewa kwa nini hata shetani anaukimbia. Lakini tia chembe ndogo katika samli iliyopata moto, pamoja na haradali zinazorukaruka na bizari nyembamba, na ile karaha inageuka kuwa harufu iliyo jirani kabisa na ya kitunguu kilichokaangwa. Mpishi ana sekunde chache tu kabla haijaungua. Anamimina yote, yakiwa yanachachatika, juu ya sufuria ya mbaazi zilizokobolewa na kupikwa hadi zikavurugika. Ndizo mbaazi zetu zile zile za asubuhi na mahamri, ila hapa zimetiwa sukari guru kidogo na uchachu kidogo. Kuunga huku kwa mwisho hakuwezi kufanywa jana. Ukiletewa dengu au mbaazi ambazo samli yake imeganda pembeni na haradali zimelala chini, jua ziliungwa zamani, zikapashwa.

Bahari, ambayo wengi wanadhani ni rafiki wa hoteli za Nyali, kwa jiko la Kihindi ni adui. Unyevu wake unaingia kila mahali. Chumvi inashikana ndani ya kichupa. Giligilani iliyosagwa inapoteza harufu, manjano yanafanya madonge, na wakati wa masika papadi iliyochomwa mchana inakuwa imelegea kabla ya magharibi. Ndiyo maana papadi ni mtihani mzuri, nao ni wa bei nafuu. Hoteli inayojali huichoma unapoagiza, ikaletwa inavunjika kwa sauti. Inayojali zaidi hukaanga bizari nzima na kuzisaga kidogo kidogo, za siku mbili tatu, badala ya kununua gunia la unga na kuliweka stoo. Kununua kidogo ni ghali na ni usumbufu. Ni njia nyingine ya kukataa.

Kama jiko lina dirisha, kaa karibu nalo umwangalie anayesukuma rotli. Hii si chapati yetu ya kukunja na kupaka mafuta tabaka kwa tabaka. Donge ni la ukubwa wa ndimu, unga laini, na mikono hailishiki. Linazunguka lenyewe chini ya kifimbo, kwa sababu uzito unaangukia upande mmoja tu kila anaposukuma. Chuma ni kikavu. Vipovu vidogo vikitokea anaigeuza, anangoja kidogo, kisha anaichukua kwa koleo na kuiweka juu ya moto wenyewe, na rotli inavimba yote kwa mara moja, ngozi mbili zikitenganishwa na mvuke. Kukiwa na tundu, au ukingo ukiwa mzito kuliko katikati, mvuke hutoroka na haivimbi. Akiishusha inanywea, anaipaka samli, inaondoka. Dakika chache baadaye haina maana tena, imekuwa ngumu. Kwa hiyo hoteli inayoijua rotli haikuletei sita pamoja. Inakuletea mbili, na weita anasimama pembeni akitazama sahani yako.

Upande wa Punjab mipaka ni ya moto. Tanuri la udongo ni la vijijini na mitaani, na lilienea mahotelini hasa baada ya mgawanyo wa India na Pakistan mwaka 1947, wakimbizi wa Kipunjabi walipofika Delhi na kufungua biashara za chakula. Lataka makaa na lataka muda. Kuta zisipokolea moto barabara, naan inaporomoka majivuni badala ya kushika. Mwenye hoteli anayekuambia tanuri ni jioni tu anakuambia kwamba hachomi naan kwenye jiko la umeme akakudanganya kwa jina. Na kuku wake, aliyelala katika mtindi tangu asubuhi, akiisha ameisha. Wa kulala dakika ishirini hamtaki.

Dosa nayo ina saa yake. Mchele na dengu za urad hulowekwa, husagwa, kisha huachwa vichachuke. Penye baridi ni kazi ya usiku kucha. Mombasa wakati wa kaskazi uji huo unaweza kupita kiwango alfajiri, ukawa mkali kama siki. Mpishi hujifunza kusaga akiwa amechelewa, kupunguza kiasi, kutafuta kona yenye ubaridi. Anatengeneza wa kumtosha leo. Ukifika saa nne usiku ukaambiwa zimekwisha, umekutana na mtu anayejua kazi yake.

Kipimo changu cha chakula chenye mipaka kiko mbali na bahari, Makindu, kwenye barabara ya Nairobi, katika hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926. Msafiri yeyote wa dini yoyote anavua viatu, anafunika kichwa, anakula bila kulipa. Hakuna menyu. Kuna dengu, roti, wali, mboga, chai. Madereva wa malori na familia zinazoteremka Mombasa kwa likizo hukaa pamoja, na hutasikia mtu akilalamika kwamba hakupewa cha kuchagua. Aliyekula pale akifika Nyali hababaishwi na sahani ya fedha. Anaagiza dengu kwanza.

Mtu atauliza: je, sifa zote hizi ni za usafi wa asili, kwamba Mhindi halisi ndiye apike? Hapana, na Mombasa ndiyo shahidi. Jikoni mwa hoteli nyingi za Kihindi hapa mwenye mkono ni Mkamba, Mgiriama au Mluhya. Alianza nyumbani kwa watu, akikatakata mboga, akasimama miaka kando ya mama wa nyumba ambaye hakumpa kipimo cha kikombe wala kijiko, ila jicho: ngoja mafuta yajitenge, sasa, bado, sasa. Ukimuuliza weita, "Kaka, mpishi wenu alijifunzia wapi?" na akakujibu kwamba alikaa na Wagujarati mtaa wa Tudor, au na Mabohora mjini, tulia uagize cha watu hao. Swali hili lina faida kuliko kuuliza kipi kitamu, maana hakuna weita atakayekuambia kichungu.

Wala mipaka si kukataa nchi unayoishi. Kuku wa kupaka ameingia katika majumba ya Makhoja na nazi yake yote, akakaa kama mwenyeji. Muhogo wa kukaanga umesafiri na Wahindi wa Afrika Mashariki hadi London na Leicester, na huko uko kwenye menyu za hoteli zao kwa jina la mogo. Vyakula hivyo viliingia polepole, kwa mkono wa mtu aliyevipika mara nyingi kwanza nyumbani. Tambi za Kichina ziliingia kwenye menyu kwa siku moja, kwa sababu meza ya jirani iliziulizia.

Na hapo lawama inatugeukia sisi wateja. Hoteli nyingi huanza na kitu kimoja zinachokijua. Anakuja baba anataka chipsi za watoto, anakuja kijana anataka pitsa, anakuja mtalii anauliza kamba wa kuchoma kwa kuwa bahari ile pale, na mwenye hoteli, anayelipa kodi ya Nyali, anaogopa kuwapoteza. Menyu inaongezwa ukurasa, friji inaongezwa, mpishi anaongezewa kazi asiyoijua, na mwaka haujaisha mbaazi zimekuwa za kupasha. Mtaka yote hukosa yote, na mara hii anamkosesha na jirani yake.

Kila mara hoteli inaposema "hakuna", inapoteza mauzo ya meza hiyo ili kuilinda sahani ya meza nyingine. Hasara hiyo ni ya kweli, na inatoka mfukoni mwa mtu. Basi ukijibiwa hivyo usinune, wala usiende kuisema vibaya. Uliza kipi kipo, ukile, ulipe, na siku nyingine uwahi.